Kirke, kyrka, kirkja: neno la kanisa kule Skandinavia halijatoka kwa mchawi wa Kigiriki

Kila baada ya miezi kadhaa ile meseji inarudi kwenye grupu letu la kwaya, na safari hii kaileta shangazi yangu mwenyewe, kaandika chini yake "wanangu, hii ni kweli?". Meseji inadai neno la Kiingereza church limetoka kwa Kirke, yule mchawi wa hadithi za Wagiriki aliyekuwa anawageuza watu nguruwe, na ushahidi mkubwa eti uko Norwe na Denmaki ambako mpaka leo kanisa wanaliita kirke, herufi kwa herufi kama jina la huyo mchawi, kwa hiyo kila anayeingia kanisani anamwabudu mchawi bila kujua. Shangazi ni mama wa kanisa tangu ujana wake na ile meseji ilimkosesha amani kabisa. Nikasema hapana, hii haijibiwi kwa emoji, lazima niandike vizuri, maana hizi lugha za Skandinavia (Norwe, Denmaki, Uswidi na majirani zao) nimezifuatilia tangu binamu yangu ahamie Göteborg kule Uswidi na hili neno hasa nimelichimba mpaka chini.

Tuanze na huyo mchawi kwa sababu yeye ndo kaleta kelele zote.

Dhana: kirke ni jina la mchawi Kirke

Ukweli ni kwamba kwa Kigiriki hayo ni maneno mawili ambayo hayana undugu. Mchawi anaitwa Kirkē, jina lake ni k, iota (i yao), r, k, na e ndefu mwishoni. Neno lililozaa kirke ni kyriakon, linatokana na kyrios, yaani Bwana, na linaanza na k na upsilon, herufi ambayo huwa tunaiandika y. Kyriakon maana yake ni "ya Bwana", kifupi cha "nyumba ya Bwana", neno nyumba likaachwa kwa sababu kila mtu alikuwa anaelewa, kama sisi tunavyosema "naenda kwa mama" na hakuna anayeuliza kwa mama wapi. Kivumishi hicho hicho kimo kwenye Agano Jipya mara mbili, 1 Wakorintho 11:20 pale panaposemwa chakula cha Bwana na Ufunuo 1:10 pale pa siku ya Bwana, na Wagiriki hadi leo Jumapili wanaiita Kyriaki. Kufika karne ya 4 Wakristo wanaosema Kigiriki walikuwa wanaliita jengo la ibada kyriakon.

Sasa angalia kitu ambacho hiyo meseji haikuonyeshi. Kabla ya Waskandinavia kulipata, neno hili lilishapita kwa majirani zao wa kusini na magharibi, na maandishi yao tunayo. Waingereza wa zamani waliandika cirice, c yao ikiwa inasomwa k hapo mwanzo. Wasaksoni wa Ujerumani ya kaskazini waliandika kirika. Wajerumani wa kusini chirihha. Zisome kwa sauti, ki-ri-ka, kuna silabi ya katikati pale, ile ile iliyoko kwenye ky-ri-a-kon. Jina la mchawi halina hiyo silabi, ni Kir-kē tu, na halijawahi kuwa nayo. Ingekuwa kirke imetoka kwake hiyo silabi ya katikati ingetokea wapi, tena katika lugha 3 kwa mpigo? Ni wazi ilikuwepo tangu kwenye kyriakon na ikaja kumezwa baadaye, Wanorwe wa kale wakabaki na kirkja, Wadenmaki wakaishia kirke. Yaani neno limesafiri karne nyingi, limedondosha sauti njiani, na mwisho wa safari likajikuta linafanana na jina la mtu lisiyemjua.

Kufanana namna hii kwetu tunakuona kila siku wala hatushtuki. Kaa wa baharini, kaa la moto na kaa chini, nani kawahi kusema kaa wa baharini ametokana na mkaa kwa sababu herufi ni zile zile?

Niseme kwa haki kwamba kwa Kidenmaki na Kinorwe yule mchawi naye anaandikwa Kirke, hilo sio uongo, ndo maana anayetafuta kwenye simu anakutana na mambo mawili kwenye ukurasa mmoja na anaona kapata siri. Ila huo ni uamuzi tu wa jinsi wanavyoandika majina ya Kigiriki kwa herufi zao. Waswidi jirani zao kanisa wanaita kyrka na mchawi wanamwandika Kirke, na hapo hapo ule mfanano umeshapotea.

Dhana: Waviking walilitoa Konstantinopoli wenyewe

Hii naipenda kidogo kwa sababu inaonyesha mtu amesoma, ni kweli Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, walifika Konstantinopoli, mji mkuu wa Wagiriki wakati ule (leo Istanbul), wakauita mji ule Miklagard na wengine wakawa walinzi wa kaisari. Kwa hiyo mtu anaunganisha, neno ni la Kigiriki, Waviking walikaa na Wagiriki, basi walirudi nalo nyumbani. Lakini umbo la neno linakataa. Kirkja inafuata njia ya kirika na cirice, na wakati Waviking wanaanza kwenda Miklagard Waingereza walikuwa wanasema cirice kwa karne nyingi tayari. Na Wagiriki wenyewe wakati ule neno lao la kawaida lilikuwa ekklesia, kama lilivyo leo, mgeni aliyekaa Konstantinopoli angerudi na hilo.

Waliolipeleka kaskazini ni wahubiri. Ansgar alifika Birka kule Uswidi mwaka 829 au 830 akitokea upande wa Wafaranki na Wasaksoni, na baadaye wafalme wa Norwe walileta mapadri na maaskofu kutoka Uingereza. Kwa hiyo Waskandinavia walilipokea neno hili mkono wa pili, kama nguo ya mtumba ambayo imeshavaliwa Ulaya na imeshanyooshwa kidogo mabegani kabla hujaikuta sokoni.

Dhana: lilikuwa neno la hekalu la kipagani, Wakristo walilibatiza tu

Hapana. Wapagani wa kaskazini walikuwa na maneno yao, hof kwa jengo au ukumbi wa ibada na hörgr kwa mahali pa kutolea sadaka, mara nyingi rundo la mawe. Ukiangalia ramani ya Aislandi au Norwe mpaka leo utakuta vijiji vinaitwa Hof. Kirkja lilikuja kama neno geni kwa kitu kigeni, na liliingia pamoja na ndugu zake kama prestr (padri), biskup (askofu) na messa (misa), yote ya kuazima, kama vile sisi tulivyopata gari, betri na breki kwa pamoja kwa sababu kitu chenyewe kilikuja na majina yake.

Na tuna ushahidi ambao unaweza kuusimamia na kuugusa. Pale Oddernes, mjini Kristiansand kusini mwa Norwe, kuna jiwe la maandishi ya runi, zile herufi za kuchonga zenye mistari iliyonyooka kwa sababu zilikuwa za kukatwa kwenye mbao na mawe. Limeandikwa kwamba Eyvindr, mtoto wa ubatizo wa Olaf mtakatifu, alijenga kanisa hili kwenye ardhi ya urithi wake. Olaf ni yule mfalme aliyeuawa Stiklestad mwaka 1030 na mwaka uliofuata akatangazwa mtakatifu, kwa hiyo maneno yale yalichongwa baada ya hapo. Kati ya runi zile liko neno letu, kirkiu, limeshanyambuliwa kisarufi kama neno la nyumbani kabisa. Mi kila nikifikiria hilo jiwe naguswa sana, huyu mtu hakuwa askofu wala mfalme, ni mwenye shamba ambaye alijenga kanisa kwenye ardhi ya babu zake na akataka ijulikane. Hakuna mchawi pale. Kuna baba wa ubatizo, ardhi ya ukoo na nyumba ya Bwana.

Dhana: ile y ya Kiswidi, kyrka, ni y ya Kigiriki iliyohifadhiwa

Hii hata mimi niliiamini mwanzoni. Kyriakon ina y, kyrka ina y, Kinorwe kile kingine cha kuandika kinachoitwa nynorsk ni kyrkje, kinachoonekana ni kwamba Waswidi wameitunza na Wadenmaki wameipoteza. Lakini kumbuka kirika, cirice, chirihha, wote waliowapa Waskandinavia neno hili walikuwa na i. Na Kiswidi cha kale chenyewe kina kirkia na kyrkia kwa pamoja. Hiyo y imezaliwa kaskazini, i ilikunja midomo ilipokaa karibu na rk.

Shahidi mzuri hapa ni jirani ambaye sio hata wa ukoo wao. Kifini sio lugha ya Skandinavia, hakina undugu na Kiswidi ingawa watu wengi wanazichanganya, ila kiliazima hili neno kutoka kwa Waswidi zamani sana na kikalitunza vizuri, Wafini wanasema kirkko. Wasami wa kaskazini, wenyeji wa kule juu kabisa mwa Skandinavia, wanasema girku. Ona i ilivyobaki, na k ilivyobaki ngumu, maana walilichukua kabla Waswidi hawajaanza kulilainisha. Waazimaji mara nyingi wanatunza kitu kuliko mwenye mali.

Kwenye matamshi ndo utaona neno moja lina sura ngapi. Wadenmaki wanasema k ya mwanzo ngumu kama yetu, r inamezwa na k ya pili inalegea kuelekea g. Wanorwe k ya mbele ya i imekuwa pumzi laini, kama unanong'ona "hi" huku ulimi umepanda karibu na kaakaa, na vijana wengi sasa wameigeuza sh kamili jambo ambalo wazee wao wanalilalamikia sana. Kwenye lahaja zao utasikia pia kjerke na kjørke. Waaislandi na watu wa visiwa vya Faroe wanaandika kirkja kama mababu zao. Binamu yangu alinitumia voisi akilitamka kyrka, inaanza kama sh nyembamba, halafu kunja midomo kama unataka kusema u lakini sema i, halafu rka. Nilijaribu mara nyingi sana kabla sijapata, na yeye anasema alikaa Göteborg miezi kabla ya kugundua kwamba ile "shürka" anayoisikia kwenye basi ndo ile kyrka anayoiona imeandikwa kwenye kibao cha kituo.

Dhana: church na kirke hayana uhusiano, herufi hazifanani

Yana uhusiano, ni mapacha. Kiingereza kiligeuza k iliyokaa mbele ya i kuwa ch, kwa hiyo cirice ikawa church. Msemaji wa Kiswahili hapa hahitaji mwalimu, sisi tunafanya hivyo kila siku bila kujua. Kitabu ki-angu kimekuwa kitabu changu, ki-ama kimekuwa chama, ki-akula chakula. K ikikutana na i, na irabu nyingine ikija kusukuma nyuma, inalainika inakuwa ch. Waskandinavia wa zama za Waviking walikuwa bado wanabana k yao, na walipohamia Uingereza ya kaskazini na Uskoti walienda nayo, ndo maana Waskoti kanisa wanaita kirk na kaskazini mwa Uingereza kuna vijiji vingi vinaitwa Kirkby, yaani kijiji chenye kanisa.

Hapo hapo kuna kosa lingine dogo. Mji wa Kirkwall kule visiwa vya Orkney sio "ukuta wa kanisa" kama unavyoonekana ukiusoma kwa Kiingereza. Jina lake la kale ni Kirkjuvágr, ghuba ya kanisa, ile vágr ikaja kuandikwa na watu waliosikia wall.

Kwenye majina ya mahali kuna mengi ya namna hii. Kirkjugólf kule kusini mwa Aislandi maana yake ni sakafu ya kanisa, na ukiona picha utaapa ni sakafu kweli, mawe yenye pembe yamepangwa yamebanana kama vigae, watu wanasema ni mabaki ya kanisa la kale. Hapajawahi kuwa na kanisa pale. Ni nguzo za mawe ya volkano ambazo zilipasuka zenyewe zilipokuwa zinapoa, unachokiona ni vichwa vyake vilivyolainishwa na maji na upepo. Kijiji cha jirani, Kirkjubæjarklaustur, hicho ndo kina historia kweli ya dini, kulikuwa na nyumba ya watawa wa kike tangu 1186. Na Kirkenes, kule mwisho kabisa wa Norwe karibu na Urusi, jina lake sio la kale hata kidogo, ile rasi ilikuwa inaitwa Piselvnes mpaka kanisa lilipojengwa mwaka 1862.

Dhana: ile o ya kyrkogård

Hili ni la haraka lakini linawasumbua sana wanaojifunza Kiswidi. Kanisa ni kyrka, makaburi ni kyrkogård, sasa o imetoka wapi, wengine wanakwambia ni Kigiriki, wengine ni Kilatini. Ni sarufi ya zamani tu. Zamani neno hili lilikuwa linabadilika mwisho wake kulingana na kazi yake kwenye sentensi, "ya kanisa" ilikuwa kirkju, na Waaislandi bado wako hivyo, wanasema kirkjugarður. Waswidi wameacha huo mnyambuliko kwenye mazungumzo ila umeganda ndani ya maneno ya kuungana kama kyrkogård na kyrkoherde, yule paroko. Na usije ukatafsiri kyrkogård kuwa uwanja wa kanisa ukapanga mkutane hapo, ni makaburini, hata kama kanisa lenyewe liko mbali.

Dhana: kirke na kanisa ni neno moja kwa maana

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Kwenye matumizi ya leo ndiyo, kirke ni kanisa, jengo na taasisi pia, Wadenmaki kanisa lao wanaliita folkekirken tangu katiba ya 1849, Uswidi wana Svenska kyrkan ambalo lilitengana na serikali mwaka 2000. Lakini kwenye mizizi ni tofauti kabisa. Kirke imeanza kama nyumba. Kanisa letu limeanza kama watu.

Wengi wetu tunadhani kanisa ni neno la wamisionari kutoka Ulaya. Wareno walituachia padri, ni kweli, ila kanisa kwao ni igreja. Kanisa ni Kiarabu, kanīsa, na Waarabu walilipata kwenye Kiaramu ambako mzizi k-n-s ni wa kukusanya, kukusanyika, ni mzizi ule ule wa Knesset, bunge la Israeli. Wamisionari walikuta pwani imeshazoea maneno ya Kiarabu na wakalichukua. Waswidi waliofanya kazi Kagera, akiwemo Bengt Sundkler aliyekuwa askofu wa Bukoba kabla ya Josiah Kibira kupokea mwaka 1964, kwao walikuwa wanasema kyrka lakini huku walihubiri kanisa, kyrka haikubaki hata kidogo kwenye Kiswahili.

Na ile ekklesia ya Agano Jipya ni mkutano wa watu walioitwa, sio jengo. Kwa hiyo kwenye Mathayo 16:18 Biblia yetu inaposema "nitalijenga kanisa langu", kwa bahati njema mzizi wetu wa kukusanyika unakaa sawa sawa juu ya neno la Kigiriki. Waskandinavia hapo walihangaika. Luther mwenyewe, aliyetafsiri Biblia kwa Kijerumani, hakulipenda sana neno la Kijerumani Kirche kwa sababu watu walikuwa wanaona kuta tu, alitaka watu waelewe kusanyiko, na watafsiri wa kaskazini wakafuata nyayo. Biblia ya Kiswidi ya 1917 ilisema hapo min församling, kusanyiko langu. Ile ya 2000 ikasema min kyrka. Kidenmaki nacho zamani kilikuwa na Menighed, kusanyiko pia, na tafsiri ya 1992 ina kirke.

Shangazi nilimsomea hayo yote kwa simu, nikamwambia pia kwamba kule wakimaliza ibada wanakaa pamoja kunywa kahawa na wanaiita kyrkkaffe, kahawa ya kanisa. Alichouliza ni kama kyrios wa kwenye hilo neno ni yule yule wa Kyrie eleison tunayoiimba kwenye kwaya, Bwana utuhurumie. Nikamwambia ndiyo, ni yule yule.